Mikono Iliyosuka Maisha Upya

Dada msomaji, wewe wa Lupiro au Ifakara waujua ukili. Mpunga ukishavunwa, mama huketi barazani na ukindu wake, akasuka huku akizungumza na jirani. Wengi wetu huiona kazi hiyo kuwa ya kupitishia jioni tu. Leo tunataka kukusimulia jinsi kazi ya namna hiyo ilivyowainua wajane wa vita katika nchi jirani ya Rwanda.

Kuanzia Aprili 1994, katika siku zipatazo 100, watu wapatao 800,000 waliuawa nchini humo. Wanawake wengi walibaki bila mume na bila nyumba, huku wakiwa na watoto wao pamoja na mayatima wa ndugu zao. Januari 1995 wajane 50 walianzisha chama chao, AVEGA, ili asiwepo wa kulia peke yake.

Lakini watoto wangekula nini? Wengi walirudia kazi waliyofundishwa na mama zao: kusuka agaseke, kikapu chenye kifuniko kilichochongoka kama paa la msonge. Mama hushika kitita chembamba cha nyasi, akakizungushia nyuzi za katani zilizotiwa rangi, mzunguko juu ya mzunguko. Dada wawili, Janet Nkubana na Joy Ndungutse, waliwakusanya wasukaji na kuwatafutia soko. Mwaka 2005 vikapu vyao vilianza kuuzwa katika maduka ya Macy's, Marekani.

Hata hivyo, kilichotugusa zaidi si fedha. Katika vikundi hivyo, mama aliyeuliwa mumewe aliketi pamoja na mke wa mtu aliyefungwa kwa mauaji. Si jambo jepesi. Lakini wanaosuka pamoja huazimana sindano, na anayeazima sindano hana budi kusema neno.

Na mjane wa kwetu je? Awe amefiwa katika vita vya Kagera vya 1978–79 au kwa maradhi, mara nyingi huzika mume, kisha akanyang'anywa shamba. Kikapu peke yake hakimwokoi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi. Basi, mama, kama yuko mjane jirani yako, msindikize kwa viongozi wa kijiji akadai haki yake. Kisha mpelekee ukindu, mketi barazani, msuke pamoja.