Mwanao anapenda mpira? Mtazame Tenga

Jioni pale Kikuyu, Dodoma, kiwanja chochote chenye nafasi huwa cha watoto. Vumbi linatimka, magoli ni mawe mawili, na mama yuko mlangoni anaita: "Wewe, hesabu umemaliza?"

Katika nyumba nyingi ugomvi huanzia hapo. Mzazi mmoja huuficha mpira. Mwingine, akisikia mishahara ya wachezaji wa Ulaya, huanza kuona shule ndiyo inayomchelewesha mtoto.

Mzazi mwenzangu, kabla hujachagua upande, mfikirie Leodegar Tenga.

Alikuwa beki, na ndiye nahodha wa Taifa Stars iliyokwenda Nigeria mwaka 1980, Tanzania ilipocheza fainali za Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza. Zilifika timu nane tu. Stars ilifungwa 3-1 na wenyeji, ikafungwa 2-1 na Misri, kisha ikatoka sare 1-1 na Ivory Coast. Iliishia hatua ya makundi, lakini ilipita miaka 39 kabla Tanzania haijarudi kwenye fainali hizo, Misri mwaka 2019.

Magoti ya beki huchoka mapema, wakati umri wa kufanya kazi bado mrefu. Tenga alipotundika daluga hakubaki kijiweni akisimulia habari za Lagos. Alikuwa na taaluma ya uhandisi. Mwaka 2004 alichaguliwa kuwa rais wa TFF, akaongoza hadi 2013. Baadaye akawa mkurugenzi mtendaji wa Shirikisho la Wenye Viwanda Tanzania (CTI).

Kwa hiyo usimnyang'anye mtoto mpira, wala usimwachishe shule. Kaeni mpange saa: kazi za shule ziishe, ndipo acheze. Zungumza na mwalimu wake wa michezo. UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari humpa mtoto nafasi ya kuonekana akiwa bado darasani.

Na akija mtu anayetaka kumchukua akalelewe kwenye kituo cha soka, muulize kwanza: "Atasoma wapi, na gharama analipa nani?" Asipokuwa na jibu la kueleweka, mtoto abaki nyumbani.

Kesho jioni, badala ya kuita kutoka mlangoni, nenda ukasimame pembeni mwa kiwanja hata dakika kumi, umwone anavyocheza. Kisha rudini pamoja, mkague zile hesabu.