Mbegu na Hei za Malisho: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kulipa

Mkoani Singida mvua hunyesha kwa msimu mmoja, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili. Baada ya hapo nyanda za malisho hukauka, na ifikapo Septemba ng'ombe wengi huwa wamekonda. Mfugaji asiye na akiba hulazimika kuuza mnyama kwa hasara ili awanusuru waliosalia. Kupanda malisho na kuhifadhi hei ni kinga ya hasara hiyo, mradi mbegu inayonunuliwa iwe hai na hei iwe na lishe.

Kuchagua nyasi

Nyasi ya Cenchrus (Cenchrus ciliaris) hustahimili ukame na kukanyagwa na mifugo, hivyo hufaa kwa kuchungia na kwa hei. Nyasi ya Rhodes (Chloris gayana) ina mashina membamba na hutoa hei nzuri, lakini huhitaji mvua nyingi zaidi. Katika maeneo makavu, Cenchrus ni chaguo salama zaidi.

Kununua mbegu

Dai mfuko uliofungwa, wenye lebo ya Taasisi ya Uthibiti wa Mbegu Tanzania (TOSCI). Soma aina ya mbegu na kiwango cha uotaji, kisha tunza lebo na stakabadhi mpaka mbegu iote. Bila hivyo ni vigumu kuthibitisha malalamiko.

Mbegu za Cenchrus zimo ndani ya maganda yenye manyoya, na baadhi huwa matupu. Yasugue kiganjani uone kama yana punje. Aidha, mbegu iliyovunwa karibuni huwa bado imelala. Huota vizuri zaidi ikiwa imehifadhiwa miezi sita au zaidi. Kabla ya msimu, weka mbegu 100 juu ya kitambaa chenye unyevu kwa wiki mbili, kisha hesabu zilizoota.

Kilo 2 hadi 4 za mbegu njema hutosha ekari moja. Zifunike kwa udongo kidogo tu, usiozidi sentimita 2, na usiingize mifugo shambani kabla mizizi haijashika vizuri.

Kununua hei

Ubora wa hei huanzia siku ya kukata nyasi. Zikikatwa zinapoanza kuchanua, huwa na lishe. Zikiachwa hadi zikomae na kupukutisha mbegu, huwa nyingi lakini hubaki mabua yanayojaza tumbo bila kumnenepesha mnyama. Chagua hei yenye rangi ya kijani, majani mengi na harufu nzuri. Kataa yenye ukungu, unyevu au joto ndani ya robota.

Nunua kwa kilo, si kwa idadi ya marobota. Ng'ombe wa kilo 250 anayetegemea hei pekee hula takriban kilo 7 kwa siku. Kwa siku 90 atahitaji kilo 630, yaani marobota 42 ya kilo 15. Yakiwa na kilo 12 tu, marobota hayo hayo yatakwisha siku ya 72, wakati mvua bado haijanyesha.

Hifadhi hei chini ya paa, juu ya magogo, isiguse ardhi. Kwa ushauri zaidi, mwone afisa mifugo wa kata yako, au wasiliana na kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania (TALIRI) kilichopo Kongwa, katika mkoa jirani wa Dodoma.