Obitali za kaboni: Ni mseto au uchotara?

Wapo wanaoshikilia kuwa Kiswahili hakiwezi kufundisha kemia. Hebu tukipime kwa dhana moja ngumu.

Atomu ya kaboni ina elektroni nne katika ganda la nje: mbili zimejaza obitali ya s, na mbili zimekaa kila moja peke yake katika obitali za p. Kwa hesabu hiyo ingeunda vifungo viwili tu. Mbona basi katika methani hushika haidrojeni nne, kwa vifungo vilivyo sawa, vyenye pembe ya nyuzi 109.5 kati yavyo?

Mwaka 1931, Mmarekani Linus Pauling alitoa maelezo: obitali moja ya s na tatu za p huchanganyika, zikazaa nne mpya zinazolingana. Zikichanganyika s moja na p mbili, huzaliwa tatu zenye pembe ya nyuzi 120. P iliyosalia huunda kifungo cha pili baina ya kaboni mbili, kama katika ethilini, gesi inayoivisha ndizi.

Tuiiteje hali hii? Mwepesi wa kujibu atasema 'mseto'. Mimi nakataa. Katika mseto, choroko hubaki choroko na mchele mchele. Hata katika serikali ya mseto kila chama hubaki na jina lake. Lakini katika methani, kila obitali mpya ya kaboni imerithi robo ya s na robo tatu za p. Huo ni uchotara, kama wa mbegu za mahindi. Mwanafunzi akilipata neno hilo, nusu ya somo keshalielewa.