Kiingereza cha Waaustralia, na Utani Wetu

Sisi wa Nachingwea na Ruangwa tumezoea kusikia lugha za wageni. Mwaka 1947, ulipoanza mpango mkubwa wa karanga wa Serikali ya Kiingereza, watu wa mataifa mbalimbali walifika Nachingwea. Baadaye, katika miaka ya vita vya kuikomboa Msumbiji, wapiganaji wa FRELIMO walikaa hapa na Kireno chao. Siku hizi wageni ni wengine. Katika ardhi ya Ruangwa mna madini ya kinywe, na makampuni kadhaa ya Australia yamekuja kuyatafuta. Kiingereza cha watu hawa si kile tuwafundishacho watoto darasani, na asiyekielewa aweza kupoteza kazi, hata heshima. Kwa hiyo nimeona vema kuandika machache juu yake.

Kijana mmoja niliyemfundisha zamani aliajiriwa na mkandarasi mmoja. Siku ya kwanza msimamizi, Mwaustralia, alipaza sauti: "Smoko!" Kijana akajibu kwa adabu kwamba yeye havuti tumbaku, akaendelea kuchimba, na wenzake wakinywa chai kivulini. Kumbe neno hilo, ingawa asili yake ni kuvuta tumbaku, maana yake ni mapumziko ya kazi tu.

Basi jambo la kwanza ni hili: Waaustralia hupenda kulikata neno, kisha kulitia mkia. "Arvo" ni alasiri. "Servo" ni kituo cha petroli. "Barbie" ni nyama ya kuchoma pamoja na karamu yake. Hili lisitushangaze, maana nasi twasema "shem" kwa shemeji, na "Moro" kwa Morogoro. Mtu akishika maneno ishirini ya namna hii amekwisha kuivuka sehemu iliyo nyepesi.

Jambo la pili ni kwamba maneno yao hupungua kuliko maana. Mwaustralia akiisifu kazi yako kwa kusema "not bad", usihuzunike. Amesema kama sisi tusemavyo "si haba". Akijibu "yeah, nah", yaani ndiyo, hapana, kwa kawaida amekataa, ila amelifunika neno lisikuchome. Hata majina ya makampuni yana mafumbo. Kampuni iliyouanzisha mgodi wa Lindi Jumbo, wilayani Ruangwa, iliitwa Walkabout Resources. Wazungu wa huko walilitumia neno "walkabout" kwa wenyeji wa asili wa Australia walipoondoka kwenda safari ya porini. Na leo kalamu ikipotea mezani, husemwa kwa mzaha kwamba nayo imekwenda "walkabout".

Jambo la tatu ndilo zito. Siku moja kijana yule aliitengeneza pampu iliyowashinda wengine. Msimamizi akampiga bega, akacheka, akamwita kwa neno ambalo katika kamusi ni mwana wa haramu. Kijana akatua vyombo, akaja kwangu jioni, macho mekundu. "Shikamoo, Mwalimu. Kesho naacha kazi. Mama yangu ametukanwa mbele ya watu."

Nikamwambia, "Marahaba, mwanangu. Keti kwanza. Babu yako humwitaje dada yako?" Akajibu, "Humwita mke wangu." Nikamwuliza, "Mgeni asiyejua desturi zetu akisikia hivyo, atafikiri nini?" Akanyamaza, kisha akacheka kidogo.

Wasomaji wajua habari za utani. Wangoni wana utani na makabila mengi waliyopigana nayo katika karne ya 19, na Masasi, jirani zetu, walivamiwa nao mwaka 1882. Mtani aweza kufika msibani akamcheka hata marehemu, wala hakuna akasirikaye. Neno lile lile likitoka kinywani mwa asiye mtani, kesi hufika barazani. Maana haimo katika neno peke yake. Imo katika uhusiano wa msemaji na msikiaji. Vivyo hivyo kwa Waaustralia: tusi lililosemwa kwa kicheko, baada ya kazi njema, mara nyingi ni sifa.

Kijana akaniuliza kama naye arudishe neno lile lile. Nikamkataza. Mgeni husikiliza kwanza, aone nani humtania nani, na mbele ya nani. Akangoja. Masika yalipofika, gari la msimamizi lilikwama matopeni, na kijana akamwambia kwamba bibi yake angaliliendesha vizuri zaidi. Watu wakacheka, na aliyecheka kupita wote ni msimamizi. Tangu siku hiyo akamwita "mate", yaani mwenzangu.

Lakini hata "mate" lina pande mbili. Likisemwa kwa sauti baridi, ni onyo. Na mwaka 2005 walinzi wa jengo la Bunge huko Canberra waliamriwa wasiwaite wabunge na wageni kwa neno hilo. Watu wakalalamika sana, na amri haikudumu. Wenye lugha wenyewe hubishana juu ya mipaka yake, sembuse sisi.

Je, tutajuaje utani na dharau? Kipimo tunacho tangu zamani: utani ni wa pande mbili. Mtani hutania, akataniwa. Msimamizi akisema nawe ukamjibu, naye akacheka, huyo ni mtani. Akisema, lakini wewe ukijibu waambiwa huna adabu, basi huo si utani wala si desturi ya Australia. Ni matusi, na yafaa kushtakiwa kwa wakubwa. Walimu wenzangu, tuwafundishe vijana kipimo hiki pamoja na kamusi.