Gari la sentimita tano: kwa nini nembo yake inahitaji leseni?

Mtoto akikunja waya, akafunga magurudumu ya ndala kuukuu na kuandika "Toyota" ubavuni, hakuna kampuni itakayomfuata. Hauzi kitu, anacheza tu. Lakini je, kama angekuwa na kiwanda na kuuza magari hayo dukani? Swali hilo lilipelekwa mahakamani Ujerumani, na jibu la mwisho likapatikana 2010. Katika makala hii tunaeleza lilivyoamuliwa.

Reli ndogo mezani

Ulaya, Marekani na Japani wapo watu wazima ambao burudani yao ni kujenga reli ndogo nyumbani. Wanatandika njia ya treni, wanajenga stesheni, vilima, maduka na barabara. Kipimo maarufu zaidi ni 1:87, yaani kila sentimita 87 za kitu halisi zinakuwa sentimita 1. Gari la mita 4.35 linakuwa sentimita 5, na mtu wa mita 1.74 anakuwa sentimita 2.

Stesheni isiyo na gari hata moja nje haivutii. Na anayejenga mji wa 1965 anataka magari ya wakati huo, kila moja na nembo yake. Hapo ndipo leseni inapoingia.

Leseni inadai nini?

Jina na nembo ya gari ni alama ya biashara. Kampuni nyingi za magari husajili alama hizo kwa ajili ya magari na pia kwa vitu vya kuchezea. Hata umbo la gari linaweza kulindwa kwa muda. Anayetaka kutengeneza gari dogo huomba ruhusa, na ruhusa hiyo ndiyo leseni. Kwa kawaida hulipa mrabaha, yaani fungu la mauzo, na mara nyingine ada ya kuanzia.

Kampuni nazo zina sababu zao. Kitu kibovu chenye nembo yao kinaweza kuwaharibia jina, na leseni ni chanzo cha mapato.

Tatizo ni kwa mtengenezaji mdogo. Tuseme, kwa mfano tu, ada ya kuanzia ni shilingi milioni 5. Kiwanda kinachouza magari 100,000 kitaongeza shilingi 50 kwa kila gari. Fundi anayetengeneza magari 500 ataongeza shilingi 10,000 kwa kila moja. Mwenye hesabu kama hiyo ama analiacha gari hilo, ama analitoa bila nembo wala jina. Anayepungukiwa ni yule mpenzi wa reli ndogo.

Kesi ya Opel

Kampuni ya Ujerumani, Autec, ilikuwa ikiuza gari dogo la rimoti lililoigwa kutoka kwa Opel Astra, kwa kipimo cha 1:24. Mbele lilikuwa na nembo ya Opel, ile ya radi ndani ya duara, mahali pale pale ilipo kwenye gari halisi. Opel, ambayo ilikuwa imesajili nembo hiyo kwa vitu vya kuchezea pia, ilishtaki.

Mahakama ya Ujerumani iliomba ufafanuzi kwa Mahakama ya Haki ya Ulaya iliyoko Luxembourg. Tarehe 25 Januari 2007 ilijibiwa kwamba mwenye nembo anaweza kuzuia matumizi hayo iwapo yanaharibu kazi ya nembo, yaani kumweleza mnunuzi bidhaa imetoka kwa nani, au iwapo yanajinufaisha isivyo haki na sifa ya nembo hiyo au kuiharibia sifa.

Kesi ikarudi Ujerumani. Tarehe 14 Januari 2010 mahakama ya juu ya nchi hiyo iliamua kwamba Opel imeshindwa. Mnunuzi anayeona radi kwenye gari dogo anajua kwamba limeigwa kutoka gari la Opel. Hafikirii kwamba Opel ndiyo iliyolitengeneza. Isitoshe, rimoti na kijitabu cha maelezo vilikuwa na alama ya Autec yenyewe.

Kwa upande wa treni

Marekani mvutano kama huo uliikumba reli yenyewe. Kampuni ya Union Pacific ilidai mrabaha kwa treni ndogo zenye rangi na jina lake, pamoja na majina ya kampuni ilizozinunua, kama Southern Pacific iliyonunuliwa 1996. Mwaka 2004 iliwashtaki watengenezaji Athearn na Lionel. Wapenzi wa treni walilalamika kwamba kwa miaka mingi wao ndio walioitangaza kampuni hiyo bure. Mwaka 2006, ilipomaliza mgogoro na mtengenezaji mwingine, MTH, ilikubali kutoa leseni bila malipo.

Sisi tunapata nini hapa?

Kila nchi ina sheria yake, na hukumu ya Ujerumani haimlindi fundi wa Tanzania au Kenya. Lakini swali la msingi linafaa kukumbukwa na yeyote anayeuza kitu chenye nembo ya mwingine: je, mnunuzi atadhani kimetoka kwa mwenye nembo? Weka jina lako mwenyewe paonekane. Na kabla ya kutengeneza kwa wingi, ulizia: Tanzania Bara alama za biashara husajiliwa na BRELA, na Kenya husajiliwa na KIPI. Ni nafuu kuuliza mapema kuliko kuitwa mahakamani mzigo ukiwa tayari sokoni.