Penalti za Cardiff: Jinsi Arsenal walivyozidiwa na bado wakatwaa kombe

KWA zaidi ya miaka 130, bingwa wa Kombe la FA nchini Uingereza alipatikana kwa mabao yaliyofungwa mchezo ukiendelea. Desturi hiyo ilivunjika Jumamosi, Mei 21, 2005 jijini Cardiff, Arsenal walipowapiku Manchester United kwa mikwaju 5-4 ya penalti baada ya dakika 120 za sare tasa.

Ilikuwa mara ya kwanza kwa fainali ya kombe hilo kongwe kuamuliwa kwa njia hiyo. Na kama kuna mechi inayoweza kumsaidia msomaji kuelewa penalti hupima nini, na nini haziwezi kukipima, basi ni hiyo. Timu iliyotamba tangu mwanzo hadi mwisho iliondoka mikono mitupu, nayo iliyokuwa ikijihami ikarudi London na kombe.

Fainali hiyo ilichezewa Cardiff, mji mkuu wa Wales, kwa sababu uwanja wa zamani wa Wembley ulikuwa umebomolewa na mpya ulikuwa bado unajengwa. Kati ya 2001 na 2006, fainali zote za kombe hilo ziliandaliwa katika uwanja wa Millennium.

Klabu zote mbili zilifika huko zikiwa na kiu. Chelsea ya kocha Jose Mourinho ilikuwa imezoa taji la Ligi Kuu kwa pointi 95, ikiwaacha Arsenal wa pili kwa pointi 83 na United wa tatu kwa 77. Chelsea hao hao walikuwa pia wamenyakua Kombe la Ligi. Kwa Arsene Wenger na Sir Alex Ferguson, lililosalia lilikuwa moja tu.

Isitoshe, uhasama wao ulikuwa umepamba moto. Mnamo Oktoba 2004, United ndio waliokatiza rekodi ya Arsenal ya kucheza mechi 49 za ligi bila kushindwa, walipowalaza 2-0 ugani Old Trafford. Februari 2005, manahodha Patrick Vieira na Roy Keane walirushiana maneno makali katika ujia wa kuingilia uwanjani Highbury, hata kabla ya mpira kuanza. United walishinda siku hiyo pia, mara hii 4-2.

Mashabiki wa United nao walikuwa na jeraha lao. Siku chache kabla ya fainali, tajiri wa Marekani, Malcolm Glazer, alikuwa ametwaa udhibiti wa klabu hiyo kwa kutumia mikopo ambayo sehemu yake kubwa ilitwikwa klabu yenyewe. Wengi wao walifika Cardiff wamevalia nguo nyeusi, mithili ya waombolezaji.

Wenger alikuwa na pengo kubwa la kuziba. Mfungaji wake tegemeo, Thierry Henry, alikuwa na jeraha. Badala ya kumtafuta fowadi wa kufanana naye, kocha huyo aliwajaza viungo katikati ya uwanja na kumwacha mkongwe Dennis Bergkamp peke yake mbele. Kwa timu iliyosifika kwa kushambulia, hilo lilikuwa ungamo la wazi kwamba siku hiyo ingekuwa ya kuvumilia.

Na kweli walivumilia. Wayne Rooney, aliyekuwa na umri wa miaka 19, na Cristiano Ronaldo, aliyekuwa na miaka 20, waliwahangaisha mabeki wa Arsenal kutoka kila upande. Rio Ferdinand alitia mpira wavuni lakini bao likakataliwa kwa sababu ya kuotea. Rooney alifyatua kombora likagonga mlingoti wa lango.

Zikiwa zimesalia dakika chache muda wa kawaida ukatike, Ruud van Nistelrooy aliupiga mpira kwa kichwa ukiwa unaelekea wavuni. Freddie Ljungberg, aliyekuwa ameingia kuchukua nafasi ya Bergkamp, akauondoa kwa kichwa kwenye mstari wenyewe. Kipa Jens Lehmann alipangua kila alichoweza kukifikia.

Upande wa pili, kipa Roy Carroll wa United hakuwa na kazi kubwa. Jaribio la maana la Arsenal lilikuja katika muda wa ziada, Robin van Persie alipopiga frikiki iliyomlazimu Carroll kujirusha.

Katika dakika za lala salama za muda wa ziada, Jose Antonio Reyes wa Arsenal, ambaye sasa ni marehemu, alimchezea Ronaldo visivyo na kuonyeshwa kadi ya pili ya manjano. Akawa mchezaji wa pili pekee kufurushwa uwanjani katika fainali ya Kombe la FA, wa kwanza akiwa Kevin Moran wa United katika fainali ya 1985 dhidi ya Everton.

Hapa ndipo sheria inapohitaji kufafanuliwa. Wengi hudhani kwamba timu iliyosalia na wachezaji 10 huingia kwenye penalti ikiwa imepungukiwa. Sivyo. Sheria iliyoanza kutumika mwaka 2000 inaitaka timu yenye wachezaji wengi zaidi impunguze mmoja ili idadi ilingane. Kadi ya Reyes haikuwadhuru Arsenal wakati wa penalti kama ambavyo ingewadhuru iwapo ingetolewa saa moja mapema.

United walitangulia kupiga. Van Nistelrooy alifunga, naye Lauren akajibu kwa niaba ya Arsenal. Kisha akaja Paul Scholes, mmoja wa viungo waliojua kuupiga mpira kuliko wengi wa kizazi chake. Lehmann alijirusha upande wake wa kulia na kuupangua.

Kuanzia hapo hakuna aliyekosea. Ljungberg, Van Persie na Ashley Cole walifungia Arsenal. Ronaldo, Rooney na Keane walifungia United. Likabaki kombora la tano la Arsenal, na aliyeusogelea mpira alikuwa nahodha Vieira. Alifunga. Hiyo ndiyo ikawa mara yake ya mwisho kuugusa mpira akiwa mchezaji wa Arsenal, kwani Julai mwaka huo alijiunga na Juventus ya Italia.

Swali ambalo mashabiki wa United waliondoka nalo Cardiff ni lile lile ambalo mashabiki wa soka huuliza kila mara: Je, hii ni haki? Ili kulijibu, yafaa kukumbuka kilichokuwapo kabla ya penalti.

Katika nusu fainali ya Kombe la Mataifa ya Ulaya mwaka 1968, Italia na Muungano wa Kisovieti walitoka sare. Mshindi aliamuliwa kwa kurusha sarafu. Italia wakafuzu, na baadaye wakawa mabingwa. Mwaka huo huo, Israeli iliondolewa katika soka ya Olimpiki nchini Mexico kwa kupigiwa kura ya bahati dhidi ya Bulgaria. Katika michezo hiyo, jasho la wachezaji halikuwa na uzito wowote mwishoni.

Bodi ya Kimataifa ya Sheria za Soka iliidhinisha mikwaju ya penalti mwaka 1970. Agosti mwaka huo, utaratibu huo ulitumika Uingereza katika nusu fainali ya Kombe la Watney kati ya Hull City na Manchester United. George Best wa United ndiye aliyefungua ukurasa kwa kufunga, naye mwenzake Denis Law akawa wa kwanza kupoteza. United walishinda.

Kombe la FA lenyewe lilichelewa kuukubali utaratibu huo. Huko, sare ilimaanisha marudiano, hata katika fainali. Mwaka 1970, Chelsea na Leeds United walitoka 2-2 Wembley, wakarudiana Old Trafford na Chelsea wakashinda 2-1. Fainali ya mwisho kurudiwa ilikuwa ya 1993, Arsenal walipowalaza Sheffield Wednesday 2-1 kwa bao la kichwa la Andy Linighan muda wa ziada ulipokuwa unayoyoma.

Marudiano yalikuwa na utamu wake, lakini yalikuwa na gharama. Ratiba ilizidi kubana, miguu ya wachezaji ikachoka, na polisi walihitaji muda wa kupanga usalama. Penalti ziliingizwa katika raundi za Kombe la FA msimu wa 1991-92. Marudiano ya mwisho ya nusu fainali yalikuwa Aprili 1999 ugani Villa Park, na walioyacheza ni hawa hawa: United waliwabandua Arsenal 2-1 kwa bao la Ryan Giggs ambalo husimuliwa hadi leo. Baadaye robo fainali nazo zikapoteza marudiano, na kuanzia msimu wa 2024-25 yakaondolewa katika mashindano yote kuanzia raundi ya kwanza.

Kwa hivyo, penalti hazikuletwa kwa sababu ni kipimo bora cha soka. Zililetwa kwa sababu sarafu ilikuwa dhuluma na marudiano yalikuwa mzigo.

Hata hivyo, ni kosa kuziita bahati nasibu. Mpira huwekwa mita 11 kutoka lango lenye upana wa mita 7.32 na urefu wa mita 2.44. Ukipigwa kwa nguvu, hufika wavuni kabla ya nusu sekunde kwisha. Kipa anayesubiri kuona unakoelekea amekwisha kuchelewa. Lazima asome hatua, nyonga na macho ya mpigaji, na mpigaji naye lazima auziwie moyo wake usimwambie mambo mengi.

Lehmann alithibitisha hilo mwaka mmoja baadaye. Katika robo fainali ya Kombe la Dunia la 2006 jijini Berlin, Ujerumani ilipomenyana na Argentina, kipa huyo alikuwa na karatasi ndogo ndani ya soksi iliyoandikwa mazoea ya wapigaji. Alipangua mikwaju miwili, na Ujerumani ikasonga mbele. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Tena Lehmann huyo alikuwa amepoteza nafasi yake kwa Manuel Almunia katikati ya msimu wa 2004-05 kabla ya kurejeshwa. Kama angekata tamaa akiwa kwenye benchi, huenda kombe lingekwenda Manchester.

Penalti basi hupima jambo halisi: utulivu, maandalizi na ujuzi wa watu wachache kwa dakika chache. Lisilopimwa ni afya ya timu nzima. Hapo ndipo Cardiff inapotoa funzo lake kuu.

Aliyetazama matokeo pekee siku hiyo angesema Arsenal walikuwa wakipaa na United wakizama. Kilichofuata kilikuwa kinyume. Arsenal walihamia uwanja mpya wa Emirates mwaka 2006 wakiwa na madeni ya ujenzi, na nguzo zao zikaondoka moja baada ya nyingine: Vieira mwaka 2005, Cole mwaka 2006, Henry na Ljungberg mwaka 2007. Hawakunyanyua kombe jingine kubwa kwa miaka tisa.

United, waliotoka Cardiff vichwa chini, walimsajili kipa Edwin van der Sar majira hayo hayo. Walitwaa Kombe la Ligi mwaka 2006 na taji la Ligi Kuu miaka mitatu mfululizo, 2007, 2008 na 2009. Mei 2008 jijini Moscow, wakawa mabingwa wa Ulaya dhidi ya Chelsea kwa njia ile ile iliyowaliza Cardiff: penalti. Rooney na Ronaldo, waliokuwa vijana tu katika fainali ile, ndio waliokuwa moyo wa kikosi hicho.

Humu nchini, ambako klabu hizi mbili zina wafuasi wasiohesabika, shabiki wa Arsenal alilazimika kuitaja Cardiff kila alipoulizwa kombe la mwisho la timu yake lilikuwa lini. Uchungu ulizidi mwaka 2012, Van Persie, mmoja wa watano waliofunga penalti zile, alipohamia United na kuwasaidia kutwaa ligi mwaka uliofuata.

Ukame huo ulikatika Mei 2014, Arsenal walipotoka nyuma kwa mabao mawili na kuwalaza Hull City 3-2 katika fainali ya Kombe la FA. Ili kufika huko, walikuwa wamewashinda Wigan kwenye nusu fainali. Kwa penalti, vilevile.

Tangu Cardiff, fainali mbili nyingine za kombe hilo zimeamuliwa hivyo kufikia 2025, na zote zikawaendea Liverpool: ya 2006 dhidi ya West Ham baada ya sare ya 3-3, na ya 2022 dhidi ya Chelsea baada ya sare tasa.

Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. United walikubali, wakaenda kujirekebisha. Kwa mshindi wa penalti, wahenga hao hao wana onyo jingine: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa wa Arsenal ulionekana kwa dakika 120 za Cardiff. Mkwaju wa Vieira uliwapa kombe, lakini haukuuziba.