Haydom: Dakika tano za mazoezi zaokoa vichanga

Mkulima aliyewahi kuhudhuria semina ya siku moja ataelewa haraka kisa cha Hospitali ya Haydom, wilayani Mbulu, mkoani Manyara.

Aprili 2010 wahudumu wa hospitali hiyo walifundishwa kwa siku moja namna ya kumsaidia mtoto anayezaliwa bila kupumua. Walitumia mwanasesere anayejazwa maji ili awe na uzito wa kichanga, na mfuko wa kumpulizia hewa. Mtoto wa namna hiyo anatakiwa awe amepuliziwa hewa ndani ya dakika moja.

Mazoezi yalirekodiwa kwa video kabla ya mafunzo na tena miezi saba baadaye, kisha wataalamu wawili wakazitazama na kutoa alama. Waliofaulu kumsaidia mwanasesere walipanda kutoka asilimia 18 hadi 74. Lakini kwenye chumba cha uzazi idadi ya watoto waliopuliziwa hewa haikubadilika. Yaani ujuzi uliishia kwenye mwanasesere.

Februari 2011 utaratibu ukabadilishwa. Wahudumu walianza kufanya mazoezi wawili wawili hapohapo kazini, dakika tatu hadi tano kila wiki, pamoja na dakika 40 kila mwezi. Vifo ndani ya saa 24 vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000.

Kwa upande wa gharama, kinacholiwa zaidi hapa ni muda wa zamu, si posho za safari wala kodi ya ukumbi.